Mwanafunzi wa Pwani na Lugha za Simuni

Kila wakaapo watu wazima barazani, iwe ni Kibokoni, Kuze, Majengo au ng'ambo ya Likoni, na mazungumzo yakawaelekea vijana wanaosoma katika vyuo vikuu, hakosekani mzee wa kuleta lalamiko lile lile: kwamba vijana hawa wamekitupa Kiswahili. Ushahidi wake ni simu. Mjukuu ameweka picha zake za Idi katika Facebook au Instagram, na chini ya picha maneno yote ni ya Kizungu. Basi mzee hutikisa kichwa, akasema lugha imekwisha.

Lalamiko hili lina ukweli wake, lakini ni ukweli wa dirisha moja. Mzee aona ukurasa ulio wazi kwa kila mtu, asiuone ujumbe ambao mjukuu huyo huyo amemwandikia mamake saa moja kabla. Ukitaka kujua lugha za kijana usitazame picha zake tu. Uliza amwandikia nani.

Mchukue, ndugu msomaji, binti wa Mji wa Kale aliye mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi. (Nasema chuo kikuu kwa ukamilifu, maana sisi tukisema "chuoni" tu, mtu hudhani ni kwa mwalimu wa Kurani.) Simtaji mtu mmoja. Ni mfano wa wengi, na kila mzazi mwenye mtoto anayesoma atamtambua.

Asubuhi kikundi cha darasa katika WhatsApp kina tangazo: mhadhiri ameahirisha somo. Tangazo ni la Kiingereza, na binti ajibu kwa Kiingereza, maneno mawili matatu, hana la zaidi. Dakika chache baadaye yumo katika kikundi cha wenzake wa bweni, na huko mambo ni mengine: "Wasee, klasi ya kesho iko?" Neno hilo la "wasee" limetoka Nairobi, likafika Mombasa, likalala bweni moja na watoto wetu. Saa nne yuwamwandikia mamake: "Mama, mtele umekwisha. Nitumie kitu kabla ya Ijumaa." Adhuhuri yaja habari kwamba jamaa amefariki Lamu, na kikundi cha ukoo chajaa maneno ya Kiarabu ambayo kila Mwislamu huyasema msibani, na baada ya hayo dua kwa lugha ya nyumbani. Jioni ndipo aweka picha yake kwa Kiingereza, ile itakayomtikisa babu kichwa.

Hesabu lugha hizo. Kuna Kiingereza, kuna Sheng, kuna Kimvita, kuna Kiarabu cha ibada. Katika siku nzima binti huyu hakuandika hata sentensi moja ya Kiswahili sanifu, ile lugha aliyofundishwa kwa miaka kumi na miwili na kufanyiwa mtihani wa taifa. Yeye si mvivu wala si mwenye kiburi. Hakuwa na mtu wa kumwandikia kwa lugha hiyo.

Hapa ndipo penye jambo la kutazamwa, na baraza nyingi zimepapita.

NGAZI TATU

Mwaka 1972 mwanachuoni wa lugha, Mohamed Hassan Abdulaziz, ambaye baadaye watu wa Pwani walimjua vyema kwa kitabu chake juu ya Muyaka kilichotoka mwaka 1979, aliandika makala juu ya hali ya lugha Tanzania. Alieleza kwamba mtu aliyesoma huishi katika ngazi tatu. Chini kuna lugha ya kwao, ya nyumbani na ya kijiji. Katikati kuna Kiswahili, cha kuwaunganisha watu wa makabila mbali mbali. Juu kuna Kiingereza, cha shule za juu na mambo ya kiserikali. Kila ngazi ina kazi yake na heshima yake.

Mwanafunzi Mdigo kutoka Msambweni hupanda ngazi hizo moja baada ya nyingine bila taabu. Kwa bibi yake huandika Kidigo, kila neno kwa tahajia aionavyo yeye, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyemfunza kukiandika. Kwa rafiki wa Kilifi au Mombasa huandika Kiswahili. Kwa mhadhiri huandika Kiingereza. Mijikenda wenziwe wote ni hivyo hivyo, na Mpokomo pia.

Lakini Mswahili wa Mvita, wa Lamu au wa Pate ana tatizo ambalo wengine hawana. Ngazi yake ya kwanza na ngazi yake ya pili zina jina moja. Zote mbili zaitwa Kiswahili. Amezaliwa akisema "ndoo" akimwita mtu, naye akafika darasani akaambiwa ni "njoo", na kwamba "ndoo" ni ya kutekea maji. Kwao watu husema nti, ndia, mato, mtele. Kitabu chasema nchi, njia, macho, mchele. Mtoto wa Kiamu aliyezoea "mayi" naye amekutana na wino mwekundu. Hakuna aliyemwambia kwamba hizi ni lugha mbili ndugu, na kwamba moja haikutolewa makosani ili iwe nyingine. Aliambiwa tu kwamba amekosea Kiswahili, yeye Mswahili.

Asili ya jambo hili yajulikana. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya kamusi yake kwa msingi wa Kimvita, nayo ikachapishwa mwaka 1882. Edward Steere alifanya kazi yake Unguja na kwa Kiunguja. Mkutano ulipofanywa hapa hapa Mombasa mwaka 1928 ili kuamua Kiswahili gani kiandikwe katika shule za Afrika Mashariki, Kiunguja ndicho kilichochukuliwa, ingawa wamishonari waliokuwa wakikitumia Kimvita walikipigania. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukilinda na kukieneza hicho kilichochaguliwa. Faida yake hatuwezi kuikana. Mtu wa Kigoma na mtu wa Kisumu wasoma gazeti moja. Lakini tangu hapo Kimvita kilitolewa katika karatasi, kikabakia midomoni na katika mashairi.

Kwa zaidi ya nusu karne, basi, mtoto wa Mji wa Kale hakuwa na mahali pa kuandika jinsi asemavyo. Barua kwa mjomba ziliandikwa kwa Kiswahili cha shule, "natumaini u mzima kama mimi", kwa sababu karatasi ilidai hivyo. Simu haikudai. Simu ilimpa mahali pa kuandika bila mwalimu, na jambo la kwanza alilolifanya kijana ni kurudi kwao. Ule ujumbe wa mtele, ambao mzee wa baraza hakuuona, ni Kimvita kilichoandikwa. Kila siku ujumbe wa namna hiyo hupita kati ya Kilifi na Mombasa, kati ya Nairobi na Lamu, kwa wingi ambao sidhani umepata kuonekana katika historia ya lugha hiyo.

KIINGEREZA CHA WAZI

Mbona basi kwenye ukurasa wa wazi aandika Kizungu? Mtaalamu mmoja Mmarekani, Carol Myers-Scotton, aliyefanya utafiti wake mwingi katika Nairobi na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1993, alionyesha kwamba mtu mwenye lugha mbili hachanganyi ovyo. Kwa kuchagua lugha hutangaza yeye ni nani kwa yule anayesema naye, na ana haki gani juu yake. Mchuuzi na mnunuzi wakiwa wa kabila moja, na mmoja akaanza lugha yao sokoni, hapo amekwisha omba apunguziwe bei.

Ukurasa wa wazi hauna mtu mmoja wa kuzungumza naye. Una wote kwa pamoja. Yumo mwenzake wa Nyeri, yumo mwajiri ambaye huenda siku moja akautazama kabla ya kumwita mahojiano, wamo binamu zake waliozaliwa London wasiojua kusoma Kiswahili, na wako wengine Muscat na Dubai. Kijana hutafuta lugha itakayowafikia wengi bila kumuaibisha mbele ya yeyote. Kwa Kimvita atachekwa na mtu wa bara kwamba hajui Kiswahili. Kwa Kiswahili sanifu atachekwa na wa kwao kwamba yuwasoma habari za redio. Kwa Kiingereza hachekwi na mtu, ila babu yake.

Nami naona tusimlaumu upesi. Fomu ya mkopo wa HELB huijaza kwa Kiingereza, mitihani yake ni ya Kiingereza, barua ya kazi ni ya Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imesema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Ni maneno mazuri. Lakini ofisi ya chuo kikuu bado humtumia mwanafunzi arifa ya karo kwa rasmi ile moja tu, na yeye hujibu kwa ile aliyoandikiwa. Kisha sisi twamshangaa.

Wala si kwamba mitambo yenyewe haikijui Kiswahili. Facebook ilitiwa Kiswahili mwaka 2009, na mwaka huo huo tafsiri ya Google ikaanza kukishughulikia. Twitter, ambayo siku hizi huitwa X, ilikuja kukitambua mwaka 2018, baada ya watumiaji kupiga kelele kwamba maandishi yao yalikuwa yakichukuliwa kuwa ya lugha nyingine. Hata hivyo waulize vijana kumi ni wangapi wameigeuza simu iwe ya Kiswahili. Wengi watakwambia walijaribu, wakakutana na maneno wasiyoyazoea, wakarudi walikotoka. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mwana wa Lamu aliyefariki mwaka 2017, alihangaika maisha yake kutuundia maneno kutoka hazina yetu wenyewe. "Runinga" likashika, latumika hadi leo. "Ngamizi" kwa kompyuta halikupata watu wa kulibeba. Neno hushika likipata watu wa kulisema, na simu ya Kiswahili bado haijawapata.

SALAMU ZILIZOKATWA

Jambo moja naungana na wazee bila shaka. Katika simu za kwanza ujumbe mfupi ulikuwa na nafasi ya herufi 160, nawe hulipa kwa kila ujumbe. Ndipo vijana wakajifunza kukata: "sasa" ikawa "xaxa", "sijui" ikawa "cjui", "tuko" ikawa "2ko". Ilikuwa ni hesabu ya senti, na mwenye njaa ya senti hasemwi. Lakini salamu nayo ikakatwa. Mtu akaandikiwa herufi tatu nne zisizokuwa na irabu, akaambiwa hiyo ni salamu ya Kiislamu.

Leo udhuru huo haupo. WhatsApp haihesabu herufi. Anayeweza kutuma video ya dakika tano ya mpira aweza kuandika salamu kamili, na aya ya 86 ya Suratun-Nisaa inajulikana kwa kila aliyepita madrasa: mwenye kusalimiwa ameamrishwa arudishe iliyo bora zaidi au iliyo sawa nayo. Sasa mtu akikusalimu kwa herufi tatu, ukirudisha iliyo sawa, umerudisha nini? Nimeona vijana wengine, hasa wa jumuiya za wanafunzi Waislamu, wameanza kuiandika kwa ukamilifu, wengine kwa herufi za Kiarabu zenyewe. Hilo ni la kupongezwa, nalo latupeleka kwenye neno lingine.

HERUFI ZILIZOKUWA ZETU

Watu husema kuwa na lugha mbili kwa maandishi ni mambo ya kisasa. Sivyo. Hapa Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti lake dogo, Sahifa, mwaka 1930, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah, ambalo lilikuwa na Kiarabu na Kiswahili ndani ya jalada moja. Sheikh alikuwa akichagua lugha kwa kumtazama msomaji wake, jinsi vile vile mwanafunzi wa leo anavyofanya. Aliyesoma zaidi alimkuta kwa Kiarabu, na mtu wa sokoni alimkuta kwa Kiswahili. Tofauti yao ni kwamba Sheikh alikiweka Kiswahili cha watu wake mbele ya uwanja, kwa mambo mazito ya dini na elimu na siasa ya wakati wake. Hakukifungia katika barua za kuomba mchele.

Miaka mingi kabla yake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alizirekebisha herufi hizo za Kiarabu ili ziweze kubeba sauti za Kimvita. Maana Kimvita kina t ya meno na t ya ufizi, na kina p, t na k zinazotoka na pumzi na zisizotoka nayo. Paa la nyumba na paa wa porini, kwa Mvita, hayatamkwi sawa. Kaa la moto na kaa wa pwani vile vile. Herufi za Kizungu za shule haziyaonyeshi hayo, na mtoto huandika yote mamoja.

Sasa tazama ajabu. Simu ya mwanafunzi wetu ina herufi za Kiarabu ndani yake. Ni kuzifungua tu. Ukichukua na zile za Kiajemi na Kiurdu utapata hata p, ch na g. Kijana mwenyewe amehitimu Kurani, azijua herufi kabla ya kujua a, e, i, o, u. Lugha anayo. Hata hivyo hajapata kuandika neno moja la Kiswahili kwa herufi hizo, naye ukimwambia kwamba nyanya wa mamake alikuwa akiandika hati na barua hivyo, adhani wamtania. Chombo kipo, na mkono upo. Ada ndiyo iliyokatika, katika muda wa vizazi viwili tu.

Na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, ambapo wengi wa vijana hawa wasoma, hakikuanza na jina hilo. Kilikuwa taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, iliyoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940, kikageuzwa kuwa taasisi ya ufundi mwaka 1966, kisha politekniki mwaka 1972, na mwaka 2013 kikapewa hati ya chuo kikuu. Mwanafunzi apitaye langoni mwake huandika tangazo la kikundi chake kwa Kiingereza, akapiga kona, akamwandikia mamake kwa Kimvita. Mahali penyewe pamepita safari hiyo hiyo.

SAUTI

Limebaki moja, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ya picha za Idi.

Mama wa binti yetu wa Kilifi, akiisha kusoma ule ujumbe wa mtele, haandiki. Hubonyeza alama ya kipaza sauti, akasema. Dakika mbili, tatu. Humwambia pesa zimetumwa, humwuliza kama bado yuwakohoa, humpa habari za jirani, humkanya, humcheka. Humo mna methali na mafumbo, mna ile t ya meno, mna pumzi ya "paa" na "kaa", mna mambo yote ambayo kalamu ya shule iliyaacha nje kuanzia 1928. Binti husikiliza akiwa njiani kwenda darasani, naye hujibu kwa sauti vile vile. Kiswahili cha Mvita hakijafa. Kiko hapo, kimejaa tele.

Lakini kiko katika simu. Mashairi ya Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, tunayo leo kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwa wazee walioyahifadhi, akashirikiana na William Taylor kuyatia katika maandishi. Makaratasi hayo yakafika London, na Hichens akayachapisha mwaka 1940. Ilikuwa miaka mia moja kutoka mdomo hadi kitabu, na kila hatua ilikuwa na mtu aliyejua thamani ya alichokishika. Ujumbe wa mama nani atauandika? Simu ikijaa, huwa wa kwanza kufutwa. Simu ikiibwa Kongowea, umekwenda. Binti akinunua simu mpya bila kuhamisha ya zamani, umekwenda pia, naye hata hatakumbuka kwamba ulikuwepo.

Kila mwaka wanafunzi wa Kiswahili na isimu wa vyuo vya Pwani huhangaika kutafuta mada za tasnifu, na wengi huishia kuandika kwa mara ya ishirini juu ya riwaya ile ile. Mmoja wao amwombe mamake ruhusa, na shangazi zake, na majirani wa mtaa wao. Azihamishe sauti za mwaka mmoja kutoka simuni hadi mahali pa salama, aziandike neno kwa neno kama zilivyosemwa, bila kusahihisha "ndia" iwe "njia", na kila t aiwekee alama yake. Akitaka kutumia herufi za Mwalimu Sikujua, simu yake inazo nyingi. Idara ikimwuliza hiyo tasnifu itakuwa ya lugha gani, hapo tena patakuwa na mazungumzo marefu, na ningependa kuwepo kuyasikiliza.